Nuru ya Bi Mwanarehema

Miaka miwili mizima wanawake wa darsa, huku Likoni, walimwachia Bi Mwanarehema mkeka wa mbele. Sababu ni taa. Mjane huyu akifumba macho katika uradi, zile dua za kukariri, aliona vimulimuli vyeupe, vikiwaka na kuzima kwa mpigo mmoja. Alipomweleza Samiha, mwalimu wao, Samiha alibubujikwa na machozi. "Hiyo ni nuru, Bi Mwanarehema." Tangu hapo akawa ndiye wa kuwaandikia makombe: aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa.

Ila taa zenyewe hazikungoja uradi. Zilimjia akimenya mihogo. Zilimfuata hata chooni, mahali ambapo jina la Mola halitajwi. Hilo hakulisema kwa mtu.

Alipoanza kujikwaa kwenye ndoo mchana kweupe ndipo akaenda kliniki ya macho. Daktari Lynnette akammulika, akamuuliza, akammulika tena.

"Chembe zinazopokea mwanga, huko nyuma ya jicho, zinakufa, mama. Zinazofuata zimebaki bila habari ya kupokea. Nazo zimeungana, umeme hupita toka hii hadi ile. Moja ikishtuka, humshtua jirani, na jirani mwenziwe, mara zote zinapiga pamoja. Ubongo unadhani umeona taa."

"Na mwanga wenyewe?"

"Haupo."

Bi Mwanarehema hakujua auweke wapi uso wake.

"Ugonjwa huu hutembea katika damu," daktari akaendelea. "Kwenu kuna mwingine anayeona hivi? Uoni uliokufa haurudi, lakini wengine hupata uvimbe humo ndani, na huo ukiwahiwa tunautibu."

Alikuwapo. Mwaka uliopita mdogo wake, Jalila, alimjia na hofu: anaona taa, anataka hospitali. Na yeye, kwa wivu tu, akamjibu, "Wewe sala zenyewe wazichelewesha, nuru itakujia wapi? Ni hiyo simu yako. Kunywa kombe." Akamwandikia kwa mkono wake.

Kesho yake, Alhamisi alasiri, darsa ilijaa. Jalila akaja na sahani yake nyeupe, akaiweka mbele ya dadake.

"Siandiki," akasema Bi Mwanarehema.

"Kwani nimekosa nini, dada?"

"Hukukosa. Nimekosa mimi." Akaeleza yote, la chembe na la wivu. "Aya za Mungu hazina kosa. Mwongo ni mimi niliyejipa cheo. Wewe ni wa kwenda kwa daktari."

Samiha akainamisha kichwa. Nyuma mtu akanong'ona, "Na sisi tuliombusu mkono je?" Vicheko vikapita chini ya buibui.

Jalila hakucheka. "Ulijua lini?"

"Ugonjwa, nimeujua jana. Kwamba si nuru..." Akaitazama ile sahani. "Nilijua siku taa ziliponifuata chooni. Zamani."

"Kabla sijakujia?"

"Kabla."

Jalila akaichukua sahani, akaipangusa kwa ncha ya leso ingawa ilikuwa safi.

"Mwaka mzima umeninywesha zafarani, nami nakuombea dua." "Kliniki hiyo yafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili. Nitakupitia."

"Nitakwenda. Lakini njiani usinishike mkono."

"Hewala," akajibu Bi Mwanarehema.