Mama Alionekana Mara Moja

Usiku wa jana niliota nimejaza wageni juu ya paa la nyumba yetu Magomeni, tunapiga picha wingu la nyota lililo mbali huko angani. Pilau ipo, umbea upo. Nyumba yangu haikosi watu hata ndotoni. Mama yangu, Bi Mwanahawa, amekuja kutoka Muheza kwa mara ya kwanza. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kandambili miguuni.

Kamera ni ile yangu isiyoona rangi, nyeusi na nyeupe tu. Inakohoa, inaniuliza, "Nifungue jicho sekunde ngapi?"

"Mia tatu."

Wenzangu wapiga picha za nyota, wa kundi letu la simu, ndivyo wanavyoweka. Ila wao wako porini Singida, hawana taa. Mimi nilitaka sifa.

"Kwa anga hili la Magomeni?" inasema kamera. "Haya. Mwenye nyumba habishiwi."

Inafungua jicho. Mwanga wa mataa ya mtaa unajaa angani kama maziwa, unaanza kutumwagikia. Jirani yangu Kidawa yuko katikati ya kumsema mke wa mtu. Anageuka mweupe kuanzia visigino.

"Shomari, mbona sijioni miguu?"

"Kila nukta ya picha ni ndoo," inamjibu kamera. "Yako imejaa mwanga. Umeungua."

"Na mie sijamaliza kusema!" Halafu hayupo. Sahani yake ya pilau inabaki hewani kidogo, kisha nayo inaondoka.

Wageni wote wanaisha hivyo hivyo, bila kuaga. Weupe unamfika mama magotini. Naziba jicho la kamera kwa kiganja.

"Sasa tuelewane," inasema kamera. "Sekunde thelathini, picha sitini, kisha nazipanga moja juu ya nyingine. Na nipoze, nina joto."

Paa sasa ni friza ya bucha. Ng'ombe wananing'inia, mimi na mama tunatoa moshi mdomoni.

"Kilichomo kwenye picha zote kinabaki," kamera inaendelea. "Kilichopita mara moja tu, nakifuta. Mara nyingi huwa ni ndege."

"Na mama?"

Inamtazama. "Huyu kaja kwako mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi ni ndege."

"Si akae hapo hapo kitini?"

"Kukaa si kuja. Kila picha aje upya."

Mama anajifunga kanga kiunoni. "Ngazi zako ngapi, mwanangu?"

"Hamsini na mbili."

"Na magoti haya! Kidubwasha kama hicho ndicho kinifute mimi, niliyekuzaa?" Lakini anashuka.

"Hodi!"

"Karibu, mama."

Picha ya kwanza. Anashuka, anapanda. Hodi, karibu. Picha ya ishirini, sauti yake imekuwa ya kukwaruza. Ya arobaini, anabisha hodi kwa kugonga ukuta tu. Mimi naitikia kwa nguvu ili kamera isikie.

Picha ya sitini. Jicho liko wazi. Nasikia kandambili, pa, pa, pa. Zinasimama katikati ya ngazi.

"Sekunde ishirini na sita," inasema kamera. "Ishirini na saba."

"Mama!"

"Ishirini na nane."

Nikaamka nikiita. Kumekucha, simu inalia. Ni mama, kutoka Muheza, ambaye tangu nihamie hapa hajawahi kukanyaga kwangu.

"Shomari, umeamkaje? Mie nimeamka magoti yamevimba, sijui nililalaje. Na kandambili yangu ya kushoto siioni."

Nilifungua mlango, simu sikioni, nikapanda ngazi za kwenda juu ya paa. Kwenye ngazi ya katikati kulikuwa na kandambili moja, ya kushoto, imeelekea juu.

"Upo, mwanangu?"

"Nipo. Mama, njoo leo. Ukirudi Muheza, njoo tena."