Bi Mdogo wa Milango Miwili

Mimi gari lile sikulipenda tangu nilipoliona limeegeshwa karibu na Ngome ya Yesu, maana vichochoro vyetu vya Mji wa Kale havipitishi gari. Fupi, limeinuka juu, gurudumu la akiba limebebwa mgongoni kama mtoto, na milango miwili tu. Miwili! Nyumbani tuko mimi, mume wangu Zein, watoto watatu, na mamake Zein ambaye magoti yake yamekataa kazi. Na Zein alikuwa na gari zuri pana la milango minne, akaliuza ili alete hili kutoka Dubai.

"Ndiyo mtindo wa sasa," Zein akaniambia. "Ndani kama gari la mjini, chini limeinuka kama la porini. Mashimo yote haya litapita."

"Na watoto watapita wapi?"

"Kiti cha mbele kinasukumwa, wanaingia nyuma."

"Na mama?"

Akaendelea kufuta kioo ambacho hakikuwa hata na vumbi.

Rafiki yake Jamaldin akasema gari kama hilo huitwa jipu. Mama mkwe aliposikia akasema, "Jipu? Basi likamuliwe mapema." Tukacheka, lakini cheko langu lilikuwa la mdomoni tu. Mwanamume mwenye nyumba ya watu sita hanunui gari la milango miwili hivi hivi. Kuna jambo.

Kisha nikamsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa juu dirishani, yeye na Jamaldin wamekaa barazani chini. Jamaldin akauliza, "Bi mdogo hajambo?"

Zein akajibu, "Hajambo, mashaallah. Hanichoshi kama bi mkubwa. Yule alikuwa anakula mno!"

Lahaula! Bi mkubwa si ndiye mimi? Nilishuka ngazi bila hata kujitanda vizuri.

"Baba Saumu, bi mdogo ni nani? Sema mbele ya shahidi wako huyu!"

Wakaangua kicheko wote wawili. Ati ni magari! Lile la zamani ndilo bi mkubwa, lilikuwa likila petroli. Hili jipya ndilo bi mdogo. "Mejumaa, utatuua," Jamaldin akasema huku akijifuta machozi, na mtaa mzima ukapata la kuzungumza. Niliona haya, jamani. Wivu uliniumbua.

Kesho yake, ili kunituliza, Zein akasema atatupeleka mimi na mama kutembea Tudor kwa dada yake. Tukamkokota mama polepole mpaka kwenye gari. Akainua mguu, haukufika. Akajaribu tena, akashindwa, akashika kiuno.

"Mwanangu, hili ni gari au ni dari?"

"Ngoja, mama, kuna kigoda." Zein akazunguka mbio, akafungua buti, akatoa kigoda cha mbao na kukiweka chini ya mlango wa abiria. "Nilikununulia wewe hiki."

Moyo wangu ukalainika, wallahi. Nikajiona mbaya kwa yote niliyomdhania. Nikainama kukishika kisiyumbe, mama apande. Hapo ndipo nilipoona ule ubao wa juu. Ulikuwa umejaa vishimo vidogo vya duara, vingine vipya, vingine vimeshaingia weusi wa uchafu.

"Mama," nikasema, "hebu tazama."

Mama mkwe akatazama, akavigusa kwa ncha ya mkongojo wake. Kisha akaunyanyua mguu, akamwonyesha mwanawe champali zake za mpira, bapa.

"Zein, mimi nimeanza lini kuvaa viatu vya visigino?"

Zein akanyoosha mkono kukichukua kigoda. Nilitaka sana aseme kitu, chochote, hata uongo.

Nikamwahi kukiokota, nikakitia kwapani.

"Kamwambie bi mdogo kigoda chake kiko kwa bi mkubwa. Akikitaka, aje akichukue mwenyewe."

Nikampa mama mkono, tukarudi nyumbani kwa miguu.