Uzi wa Bei ya Januari

Krrr-shaa. Krrr-shaa. Karanja aliisikia mashine ya kufuma kabla hajafika langoni, na moyo ukamtulia kidogo. Kumbe bado haijauzwa.

Alipoingia alimkuta Mama Maxine akisukuma mkono wa mashine kushoto na kulia juu ya safu ya sindano, na sweta ya rangi ya maruni ikishuka polepole chini yake. Watoto wengi wa mtaa huu wa Kimbo wamevaa kazi ya mikono hiyo. Nyuma yake magunia ya uzi, maruni tupu, yalikuwa yamepandana mpaka dirishani.

"Profesa wa dola," alisema bila kugeuka. "Leo inapanda ama inashuka?"

Karanja alicheka, kwa sababu ndivyo walivyozoea kutaniana, lakini kicheko kilimfia mdomoni.

Magunia yale aliyaleta yeye. Anauza uzi katika stoo moja mjini Thika, uzi unaotoka ng'ambo na kulipiwa kwa dola. Januari, dola moja ilipogonga shilingi mia na sitini, alisimama kwenye mlango huu huu akanena kama mhubiri. Itafika mia mbili, alisema. Atakayengoja atalia. Mama Maxine alikuwa ameahidiwa kwa mdomo na shule moja ya Ruiru kwamba ndiye angefuma sweta za muhula wa pili. Akakopa kwa chama cha wamama cha kuweka na kukopa, akanunua uzi wote mara moja, maana uzi uliotiwa rangi siku tofauti huonekana kwenye sweta kama kiraka.

Kisha shilingi ikapata nguvu. Kufikia Aprili dola ilikuwa mia na thelathini na kitu, na redioni watu wakapongezana. Mbinya, mfumaji wa Mwiki, alinunua uzi kama ule kwa bei mpya, akaipelekea shule bei ambayo Mama Maxine asingeiweza hata kwa kufuma bure. Shule ikamfuata Mbinya.

Na uzi wa Mbinya pia aliuuza Karanja. Alikula komisheni Mama Maxine aliponunua kwa bei ya juu, akala tena kwa Mbinya aliyempokonya shule.

Karanja aliuliza kuhusu mteja mwingine, wa Arusha, Tanzania. Mama Maxine akamweleza huku akifuma. Mteja alitaka sweta mia moja za maruni kwa shule ya kwao. Januari alitajiwa shilingi mia saba za Kenya kwa sweta moja, akafurahi. Bei ya Kenya haijabadilika hata senti, lakini kwa kuwa shilingi ya Kenya imepata nguvu, sasa mia saba hiyo inamla shilingi nyingi zaidi za Tanzania. Amesema ni mia tano na hamsini ama aache.

"Tungekuwa na pesa moja na hao watu," Mama Maxine alisema, "bei ya Januari ingekuwa bei ya leo. Kwa mia saba ningelipa chama. Kwa bei yake siwezi. Nimeamua kumuuzia Mbinya mashine ili nilipe deni; kesho saa nne anakuja na pesa kuichukua."

Karanja akauliza chama walisemaje.

"Waliuliza nani alinishauri. Nikawaambia ni haraka yangu mwenyewe."

"Mbona hukunitaja?"

"Wewe bado unatafuta bibi hapa Ruiru. Nikikuita mwongo kwa wamama wa chama, utaoa wapi? Mombasa?"

Alisema akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomchoma. Angemtukana angejua la kujibu. Karanja alitazama magunia, akaona ni kama yamepangwa juu ya kifua chake. Mama Maxine alisimamisha mashine ili akate uzi.

"Mama, pigia mtu wa Arusha," Karanja alisema kwa sauti nzito. "Mwambie umekubali. Pengo la bei nitalijaza mimi, kwa komisheni ya uzi wako na ile ya uzi wa Mbinya. Ndiyo, ni mimi nilimuuzia. Zisipotosha nitauza simu yangu."

Mama Maxine aliweka mkasi juu ya gunia.

"Mbinya anakuja saa nne, Karanja."

"Kesho saa mbili nitakuwa nimesimama hapa mlangoni na hizo pesa, Mama. Mashine hii haitoki."