Bado Hayajachanua

Wifi yangu hajui kuugua. Watu wakiugua hulala, huomba maji, hutembelewa. Yeye macho yalipoanza kuingia ukungu alinunua jembe.

Ni fundi cherehani, dada mkubwa wa mume wangu, na nilipoolewa nikaingia nyumba hii nilimkuta tayari hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa kwenye kona ya sebule, na ole wako uweke hata kikombe juu yake. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Niliowazaa wameshahama," wifi akamjibu, "sasa hawa mapacha wametoka wapi?" Daktari alicheka mpaka akasahau alichokuwa anasema.

Njia yetu ya kutoka mlangoni hadi getini ni ya matofali, na pembeni yake kuna mtaro wa maji machafu. Wifi alishatumbukia humo. Akaamua kupanda maua pande zote mbili za njia ili yamwongoze. Alianza na mawaridi, mbuzi wa jirani wakayatafuna pamoja na miiba yake. Ndipo muuza miche akamletea ndugu wa mnyaa.

Mnyaa tunaujua wote, ule wa kuzungushia ua, ukiuvunja unatoa utomvu mweupe unaowasha. Mmea huu ndugu yake ni mfupi, haupiti magoti ya mtu. Mbuzi akiunusa anaondoka zake kama aliyekumbuka ana shughuli kwingine. Jua likizidi unakauka mpaka chini, ukiuona utasema buriani. Mvua ikirudi, unachipua pale pale kwenye mzizi ule ule, bila kupandwa upya, bila mbolea, bila kubembelezwa na mtu. Mimi ni mtu wa kuchoka haraka na wasiochoka huniudhi, lakini kwa mmea ule nilinyoosha mikono.

Na ukishachipua, vichwa vyake vinageuka njano. Si njano ya ndizi. Njano ya kuwaka, hata siku ya mawingu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya wifi yalikuwa nayo, tena mazito, na kilichoweza kupenya kilikuwa mwanga na ile njano tu. Msimu wa maua alitoka mlangoni peke yake, njano kulia, njano kushoto, akaenda mpaka getini na kurudi, kichwa juu, bila fimbo wala mkono wa mtu. Wapita njia waliona bustani. Ile ilikuwa barabara yake.

Kuukata alikata mwenyewe. Maua yakichakaa, mashina yaliyozaa lazima yakatwe chini kabisa ili machanga yapate nafasi. Alikuwa akipapasa shina moja moja, gumu anakata, laini anaacha, huku amevaa miwani mikubwa ya fundi wa kuchomelea mageti ili utomvu usimrukie. Nilimwambia niache nikusaidie. "Macho mabovu ni yangu," akasema, "na mkasi ni wangu. Wewe kapike."

Sasa, daktari alikuwa amesema mtoto wa jicho hutolewa. Wanaanza na jicho moja, likipona wanafuata la pili. Mume wangu akashughulika mpaka akapata nafasi hospitali. Wifi akakataa.

"Sasa hivi naona njano," alituambia mezani. "Si haba. Wakikosea, hata hiyo sina. Mtanirudishia nyinyi?"

"Hawakosei, dada," mume wangu akasema.

"Mimi nimeshona miaka yote hiyo na nimekosea nguo za watu. Wao ni malaika?"

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishoni alikubali kwa sharti moja: asubiri mimea ichanue, aitazame mara moja zaidi, awe na akiba moyoni ikiwa mambo yataharibika. Baada ya hapo atakwenda, hata kesho yake. Tuliona ni haki. Mvua zilikuwa zimeanza, na machipukizi yalikuwa yameshatokeza.

Yakachanua. Yalichanua mwaka ule kuliko mwaka wowote. Dereva wa gari la taka alisimamisha gari akashuka kutazama. Mume wangu akamuuliza dada yake, haya, lini tunakwenda?

"Bado hayajachanua," wifi akasema.

Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama dirishani, njano imejaa mpaka kwenye kioo. Baada ya siku kadhaa akamuuliza tena, akajibiwa vile vile, bila haya, akinywa chai yake. Usiku chumbani mume wangu akasema dada anatupiga chenga, sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilikasirika kweli. Tumemwekea nafasi, tumevumilia masharti, halafu anatuona watoto wadogo. Nikanuna. Kwangu kununa ni kazi ya ustadi: nilimpa chakula, nilimpa maji ya kuoga, na neno sikumpa.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi karibu na dirisha. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mama mmoja mpita njia akasimama getini, mtu mgeni tu, akasema, "Hongera, mama. Maua mazuri hivi sijawahi kuona. Naweza kupata mche?"

"Asante, mama," wifi akamjibu kwa upole. "Lakini subiri kidogo, bado hayajachanua. Yakichanua ndipo utaona."

Yule mama akacheka, akidhani anataniwa, akaenda zake. Wifi hakucheka. Aligeuza uso upande wa njia akakodoa macho, akasogeza shingo mbele, akasubiri. Halafu akainama, akashika kichwa cha ua lililokuwa karibu na mguu wake, akalipapasa taratibu kwa vidole vyake vya ufundi.

Hapo ndipo pasi ilinisimama mkononi. Maua ya mmea ule si maua hasa. Ni majani ya juu yanayogeuka rangi. Ukiyashika, jani ni jani, na harufu hayana. Kwa vidole usingejua kamwe. Wifi hakuwa akitupiga chenga. Alikuwa amekaa katikati ya njano akiingoja njano.

Nilichomoa pasi nikatoka. Nilitamani mtu mwingine yeyote awe mimi. Nikachuchumaa mbele yake.

"Leo utafungua mdomo?" akasema aliponisikia nahema. "Nilidhani umeuza ulimi."

"Wifi," nikasema, "yamechanua."

"Yapi?"

"Yote. Mpaka getini. Siku nyingi sasa."

Alibaki ameshika lile ua. Hakulia, hakuuliza kama nina uhakika. Aliliachia, akajifuta vidole kwenye kanga, kimoja kimoja, kwa sababu ya utomvu.

"Basi nilichokuwa naogopa kupoteza kimeshaondoka chenyewe," akasema. "Mwambie kaka yako huyo mwoga anipeleke."

Mume wangu si kaka yangu, lakini wifi hakuwa na hali ya kurekebishwa.

Walimpasua jicho la kulia. Kesho yake mimi ndiye niliyekuwa kwenye benchi la wodi muuguzi alipomfungua bandeji, maana mume wangu alikuwa nje anazunguka zunguka akisema anatafuta maji. Wifi alipepesa. Machozi yalimtoka, ya dawa au ya kwake, sijui. Akanitazama muda mrefu, mimi ambaye tumekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo hajawahi kuniona sawasawa.

"Kaka aliniambia ameoa mrembo," akasema.

"Na?"

"Si mwongo sana."

Nililia mimi badala yake, nalia nacheka, muuguzi akanipa pamba.

Daktari alimkataza vumbi, kuinama, moshi, na mmea wowote wenye utomvu. Tulipofika nyumbani nikamshika mkono getini kwa mazoea. Akautoa mkono wangu polepole. Akasimama peke yake kwenye matofali, miwani myeusi aliyopewa hospitali ameiinua kidogo, anatazama kulia, anatazama kushoto. Vichwa vingine vilikuwa vimeanza kuchakaa, lakini njano ilikuwa bado ipo, imejaa mpaka mlangoni. Alitembea hatua chache, akasimama tena. Mimi nikajifanya naangalia funguo.

Akaingia ndani. Alitoka na mkasi wake na ile miwani ya kuchomelea, nikawa tayari kwa ugomvi, nishamjua. Akanikabidhi vyote viwili. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono magotini.

"Kata wewe," akasema. "Mimi nitatazama."