Kengele ya Saa Sita

Usiku wa jana, bomba la jikoni lilipodondosha tone moja ndani ya sufuria kabla ya adhana, niliota niko Hungaria, enzi za vita kuu ya kwanza. Nimevaa kanga zangu. Hakuna aliyeshangaa.

Bi Ilonka, mjane wa kijijini, ananikaribisha jikoni. Kengele ya kanisa imeketi mezani, imejifunika shali. Ilonka ananieleza kwamba serikali inachukua kila kinacholia, kiyeyushwe kiwe mizinga ya vita. Kengele hii hulia saa sita mchana kukumbuka ushindi wa zamani, na bila mlio wake hakuna anayegusa chakula cha mchana.

"Bibi, mzinga siuwezi," kengele inaniambia. "Nimezoea kuita watu waje kula."

Tunaing'oa ulimi wake wa chuma ili isilie, lakini inaendelea kusema. Tunaipindua, tunaijaza supu ya pilipili nyekundu.

Jiko linakuwa ofisi. Afisa Kalman, buti zimepasuka, anasoma amri: kila kinacholia. Anauliza hiki ni nini. Ilonka anajibu ni sufuria. Anaandika sufuria, anapiga muhuri.

Kisha anaketi na kijiko chake, anangoja. Nasi tunangoja. Naye ni mtoto wa Hungaria. Hawezi kula kabla ya kengele ya saa sita, na ameshaandika kwamba kijiji hakina kengele. Jua limesimama dirishani, nalo linangoja. Afisa ananinong'oneza kwamba hajala tangu juzi.

Kengele inamwonea huruma.

"Nigonge, mwanangu," inasema. "Supu inapoa."

Ilonka anafumba macho.

Afisa anaikunja karatasi, anaitia ndani ya buti. Anagonga ukingo kwa kijiko, taratibu. Mlio unatoka, unafika mashambani, na watu wanaweka majembe chini.

Ilonka anamwuliza amesikia nini.

"Sufuria," anasema. "Kuleni, mama."

Kijiko cha kwanza afisa ananipa mimi, kwa kuwa ni mgeni.

Niliamka ulimi ukiniwasha. Kwenye pindo la kanga palikuwa na tone jekundu la mafuta, bado la moto, nami daktari amenikataza pilipili mwaka wa nne sasa. Nilikuwa nalifuta nilipoitwa kutoka mbali, kwa sauti nzito ya kengele iliyoshiba:

"Bibi, rudi kesho ututembelee. Njoo kabla ya saa sita."