Mabinti wa Kwanza wa Ayubu

Jina alilichagua Bundala, tena kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Akamwita mwinjilisti Tobias aje amweleze mkewe, Eustadia.

"Yemima ni jina la Kiebrania," Tobias alisema, Biblia magotini. "Wanasema maana yake njiwa. Ayubu alifiwa na watoto wote kumi siku moja. Baadaye Mungu akampa wengine, wakiwemo mabinti watatu: Yemima, Kesia na Keren-hapuki."

"Huyo wa tatu tumwachie Ayubu mwenyewe," Bundala alisema. "Mtoto atazeeka hajajua kuitika."

Eustadia hakucheka. "Na wale mabinti wa kwanza, waliokufa, waliitwa nani?"

Tobias akarudi kurasa za mwanzo, akapitisha kidole. "Hawakutajwa, dada."

"Nilijua."

Bundala akatazama chini. Mwaka uliopita, 1974, walipoambiwa wahamie kijiji kipya karibu na Kigwa, yeye kama balozi wa nyumba kumi alitaka kuwa mfano. Wenzake walisubiri waezeke nyumba mpya kwanza. Yeye akaipakia familia yake kwenye lori la kwanza. Mvua ikawakuta chini ya turubai. Surua ikamchukua binti yao Kalunde, wa miaka sita, na siku tatu baadaye mdogo wake Damas.

Tangu azike, Bundala hakuwahi kutamka jina la binti yake. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Kalunde, kwake akawa "wewe" tu. Sasa wanawake kisimani walimwita Mama Yemima, naye hageuki.

Jumapili ya ubatizo majirani walijaa uani. Eustadia amekaa kitandani, amempakata mtoto.

"Wewe, twende. Watu wanasubiri."

"Mtoto mwite Yemima, ni jina zuri, sina ugomvi nalo. Ila mimi nina langu, nilipewa na mwanangu wa kwanza. Niite nalo, nitoke."

"Leo siku ya furaha, mke wangu, usi..."

"Siku ya lori mbona uliniita vizuri tu? Ulisema, 'Mama Kalunde, panda.'"

Bundala akashika mwimo wa mlango. "Mama..." Eustadia akamnyonyesha mtoto, hana haraka.

"Mama Kalunde," akanong'ona.

"Sikusikia."

"Mama Kalunde!"

Uani mazungumzo yakakatika. Eustadia akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akampita mumewe mlangoni bila kumtazama. Bundala alibaki pale pale analia mbele ya watu wa nyumba zake zote kumi.