Mvinyo wa Bordo na Nguru wa Nazi

Hatimaye Godson alikuwa amefika Muscat, na mkewe Conjesta hakujua amwambie nini.

Walifunga ndoa Moshi, wakakaa pamoja majuma machache tu, kisha Conjesta akaja kupika kwa familia moja ya Kifaransa huku Muscat, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Kwa miaka miwili ndoa yao ikawa ya simu na kadi za kukwangua. Sasa Godson alikuwa amepata kazi kwenye duka la magari mtaa wa Wattaya, wanaishi chumba kimoja, na maneno yamewaishia.

"Umelala vizuri?"

"Nimelala. Na wewe?"

Basi, yanaishia hapo.

Madam Solange, mwajiri wa Conjesta, aliliona hilo. Kabla ya kusafiri na wanawe, alimpa chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordo. "Huu ni wenu wawili," alimwambia. "Ila mnywe mkila nyama." Conjesta alilijua hilo. Mvinyo ule ukimiminwa mezani, yeye hutoa kondoo wa kuchoma.

Lakini jioni hiyo alimkuta Godson jikoni, jasho linamtiririka, anageuza nguru wa nazi. Alikuwa ameenda hadi soko la Hail, mbali na kwao, kumtafuta samaki huyo.

"Kaa, mke wangu. Leo nakupikia mimi."

Conjesta alivitazama vitunguu alivyovikata mumewe, akaenda kufungua chupa.

Walianza na mvinyo mtupu. Ulinukia zambarau zilizoiva, na nyuma yake kitu kama moshi wa kuni. Kisha ukaacha ukakasi kwenye fizi.

"Kama nimeng'ata ndizi mbichi," Godson alisema, lakini akaongeza funda jingine. Alikula kipande cha samaki, akanywa tena. Uso ukamkunjamana.

"Conjesta, huyu samaki ameoza?"

"Hapana, ni mzuri."

"Mbona kama nimelamba msumari?"

Conjesta naye alionja. Ladha ya chuma ikamjaa mdomoni, nazi ikageuka chungu. Hapo kicheko kilimtoka, na hakikuzuilika tena. "Nilijua! Mvinyo huu na samaki hawapatani kabisa."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ulikuwa umekata vitunguu vizuri mno!"

Godson alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika meza. Walimfunika nguru kwa ajili ya kesho, wakatoka kutafuta nyama.

Kando ya barabara, Ba Aflah, muuza mishikaki, Mwomani aliyezaliwa Unguja, alikuwa akipepea mkaa.

"Shikamoo, Ba Aflah."

"Marahaba, mwanangu. Nnayo ya kondoo leo, laini. Na huyu nani?"

"Mume wangu. Ametoka Moshi."

"Mashaallah! Ndiyo maana leo unacheka." Akawaongezea mishikaki miwili. "Hii zawadi yangu. Karibu Maskati, bwana."

Njiani Godson alimshika mkono kwa kificho, akauachia walipopita watu, akaushika tena.

Nyumbani walikula mishikaki ingali moto. Mafuta ya kondoo yaliulainisha ule ukakasi, na utamu wa zambarau ukachomoza, pamoja na harufu ya pilipili manga ambayo mwanzo hawakuisikia. Godson alifumba macho.

"Kumbe alikuwa amejificha!" alisema, kana kwamba mvinyo ni mtu. Walijaribu na ukwaju aliowafungia Ba Aflah. Ukavuruga kila kitu, wakausogeza kando. Jibini kutoka kwenye friji ikapita vizuri.

"Nilikuwa naogopa," Godson alisema ghafla. "Nilidhani umekuwa mtu mwingine."

"Nimekuwa. Nimenenepa."

"Hilo nililiona uwanja wa ndege, nikamshukuru Mungu."

Conjesta alimpiga kwa kitambaa cha mezani. Kisha akamuuliza habari za mama yake, habari zenyewe, si zile za kwenye simu. Godson akaanza kueleza, Conjesta akamkatiza, naye akamkatiza Conjesta, nyama ikapoa kwenye sahani bila mtu kuikumbuka.